Deni Langu na Kigoda cha Baba Mkwe

Wenzangu wasomaji wa gazeti hili, nianze na kosa lenyewe, ili mwenye haraka alipate akaendelee na shughuli zake. Nilichukua vitambaa dukani kwa mkopo, nikakaa na deni mpaka likaota ndevu, na nilipobanwa nikamtupia lawama mtu ambaye hata kujitetea mbele yangu hawezi.

Mimi ni Mnyakyusa, nimeolewa, nakaa Mbeya upande wa juu wa mji, ambako mwezi wa sita maji ya mtungini yanauma meno. Mume wangu yuko kazi ya barabara. Mimi nashona. Nilijifunza misheni, kwa mkono, sindano na uzi, na kazi niliielewa hata nikaweza kumkadiria mtu gauni kwa kumwona akipita. Majivuno haya mnisamehe, huko mbele yatapungua yenyewe.

Duka tulilolizoea ni la Mhindi mmoja karibu na soko. Jina lake silitaji. Wote tulimwita Bwana Duka, naye aliitika. Alikuwa anakopesha, lakini si kila mtu. Ungemsikia akiuliza taratibu huku anapima kitambaa, "Fulani wa kule juu mnamfahamu? Analipa?" Wateja wanajibu, yeye anaendelea kupima. Mimi nilidhani ni umbea tu wa dukani, na nilichangia vizuri sana habari za wengine. Kwamba na mimi naulizwa nisipokuwepo, hilo halikunijia kichwani.

Basi nikachukua kitambaa cha maua, na khaki, na vifungo. Nikaahidi kulipa tukiuza maharage. Maharage tukauza. Fedha ikaja mkononi, nikaimaliza kwenye bakuli za maua na koti la mtoto, nikajiambia Bwana Duka ni tajiri, hatakufa kwa vitambaa vyangu.

Ndipo baba mkwe akahamia mjini.

Baba mkwe wangu ni fundi viatu. Kazi alijifunzia Chunya, zamani za machimbo ya dhahabu, na kiatu alichokishona yeye hukirudishi kwa fundi upesi. Alitoka Rungwe na mfuko wake wa nyundo na sindano, Bwana Duka akampa nafasi barazani, pembeni ya mlango. Akaweka kigoda, akaanza kukata katambuga za tairi na kubadili soli. Waliokuja kushonesha viatu waliingia kununua sukari, na waliokuja kununua sukari walikumbuka viatu vyao vimechanika. Kila mtu alifurahi.

Sasa, asiye wa kwetu nimweleze. Mwanamke wa Kinyakyusa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitaji, na akimwona njiani anaingia majanini na kujifunika mpaka mzee apite. Tunaita ukutila. Si ugomvi, ni heshima. Hata sisi wa kanisani tunaishika. Jumapili mimi hukaa nyuma ya nguzo, na mahubiri nayasikia vilevile.

Kwa hiyo mlango wa Bwana Duka ulikuwa na baba mkwe wangu, na mimi nisingeweza kuupita. Mnajua nilivyojisikia? Nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Deni lilikuwepo, lakini sasa lilikuwa na sababu, tena sababu ya heshima.

Nikawa kila nikikaribia pale navuka barabara, nimejifunika khanga, naangalia upande wa pili. Watu wakaona huyu ni mke mwenye adabu. Na chumvi ilipokwisha nyumbani nilimtuma jirani yangu, duka lilelile, mlango uleule. Chumvi ililetwa. Mafuta ya taa yaliletwa. Fedha ya deni sikumpa hata mara moja aipeleke, ingawa alikuwa na mikono miwili na uaminifu wa kutosha.

Mambo yakageuka pale mwalimu mkuu wa shule ya misheni aliponiita. Alitaka mtu wa kuwashonea watoto wote sare, kaptura na magauni.

"Mama, mkono wako tunaujua," akasema. "Lakini kwa sindano ya mkono hutamaliza. Ukipata cherehani kabla shule haijafunguliwa, kazi ni yako. La sivyo itabidi nimpe fundi wa mjini."

Nilirudi nyumbani naimba. Kazi ya namna hiyo ingenitoa kwenye viraka vya majirani na kunifanya fundi kweli. Fedha ya kununua cherehani kwa mara moja hatukuwa nayo, hata tungeuza bati. Ilibidi niichukue kwa mkopo, nilipe kidogo kidogo kila mwezi.

Kwa Bwana Duka sikwenda. Niliona nina akili zaidi. Dada yangu ameolewa Iringa, basi nikapanda basi, nikapita Chimala vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, nikashukia kwake. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Iringa hakuna anayenijua, kwa hiyo jina langu huko ni safi. Wenzangu, msicheke kwanza.

Mwenye duka wa Iringa alitupokea vizuri, akatuonyesha cherehani ya mkono, nyeusi, imechorwa maua ya rangi ya dhahabu. Nilizungusha mkono wake mara moja tu, nikaipenda.

"Umewahi kuchukua kitu kwa mkopo?" akaniuliza.

"Sijawahi hata siku moja," nikajibu. Uongo huo, na niliutoa kama sifa.

Akatabasamu. "Basi hakuna anayejua kama unalipa. Mbeya unanunua wapi?"

Dada yangu, Mungu ambariki na ulimi wake, akanijibia. Akamtaja Bwana Duka, akaongeza kwamba kwetu huyo ni kama ndugu.

"Vizuri. Rudini juma lijalo," akasema, na mbele ya macho yangu akampa dereva wa lori maneno ya kupeleka Mbeya.

Juma hilo nilikula ugali wa shemeji bila kuuhisi. Siku ya kurudi dukani dada alivaa gauni la kanisani, maana alitaka tubebe cherehani yetu kwa heshima. Mwenye duka hakupaza sauti.

"Mama, huko Mbeya wanasema ukiliona duka, unavuka barabara."

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, unavuka barabara kwa nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisafiri na jina langu mpaka Iringa nikidhani nimeliacha nyumbani, kumbe limepanda basi lilelile, na pengine lilifika kabla yangu.

Nilipofika Mbeya mume wangu alitaka kujua cherehani iko wapi. Nikamweleza nilivyokataliwa, na kwamba nina deni.

"Deni la lini?" akauliza.

"La zamani. Lakini ningelilipaje, na baba yako amekaa mlangoni?"

Mume wangu ni mtu wa kupima maneno. Akasema, "Kweli. Hilo hatukulifikiria."

Hapo ndipo ningeweza kucheka na kusema ukweli, yakaisha. Niliendelea kukoroga chungu. Nilijua atamwambia baba yake, na nilimwacha aende akamwambie.

Siku chache baadaye akaniletea habari. "Baba amehamishia kigoda chake Mbalizi, nje ya mji. Anasema kule magari ni mengi, atapata tairi kwa urahisi."

Nikasema ni vyema. Niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini.

Sasa mlango ulikuwa wazi na mimi sina pa kujificha, nikaenda kulipa. Niliuza zile bakuli za maua kwa jirani, nikaongeza akiba ya mahindi, nikaweka fedha mezani kwa Bwana Duka. Akaihesabu bila kuninunia.

"Kuna deni jingine linalonihusu?" nikamwuliza, kwa kuwa Iringa ilinifundisha woga.

"Lipo blanketi," akasema. "Wifi yako alilichukua akasema ni lako."

Mimi blanketi hilo hata rangi siijui! Nikamleta wifi, akakiri mwenyewe huku anacheka, na deni likahamia kwake. Nisingeuliza ningelibeba mpaka kaburini.

Nikamwomba Bwana Duka cherehani. Akakataa kwa upole.

"Kudaiwa si aibu, Mama, kila mtu anadaiwa. Lakini mimi nataka mtu ambaye siku ya ahadi nikiinua macho namwona amesimama hapa. Wewe bado sijakuona. Anza na nyuzi."

"Na siku nikikosa?"

"Njoo kabla ya siku yenyewe. Ukija kabla, unaomba. Ukija baada, unajitetea."

Shule ikafunguliwa na sare akazishona fundi wa mjini. Niliwaona watoto wakipita asubuhi na kaptura ambazo mshono wake wa nyuma umepinda, nikalia, halafu nikaingia ndani nikaendelea na viraka vyangu. Nilichukua nyuzi, nikalipa. Nikachukua vifungo, nikalipa. Nikachukua jora dogo la khaki, mtoto akaugua, nikaona sitaweza, nikaenda kusema kabla ya siku. Bwana Duka akanisogezea ahadi hadi mwisho wa mwezi, nami nikalipa. Safari hii walioulizwa habari zangu dukani walikuwa na la kusema.

Mwaka uliofuata akaitoa cherehani mwenyewe, akaiweka mezani, akaifuta vumbi. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Akawa anafunga kamba kwenye sanduku lake, akasema maneno haya kama mtu anayezungumzia mvua.

"Mzee atafurahi. Alikuja hapa akanieleza kwamba wewe si mtu wa kukimbia deni. Akasema yeye ndiye aliyekufungia njia, na kosa ni la kigoda chake. Nilimwambia abaki, tutatoboa mlango wa nyuma. Akasema mlango wa nyuma ni wa wezi, mkwe wake atapita mbele."

Nikabaki nimeshika kamba.

Mzee yule hakwenda Mbalizi kufuata tairi. Aliacha baraza yenye kivuli na wateja wa mjini waliomzoea, akaenda kukaa kando ya barabara chini ya kipande cha bati, upepo unampiga kifuani, kati ya watu ambao wengi wao wanatembea miguu mitupu. Kila asubuhi anapanda baiskeli kwenda huko, kwa umri wake. Na aliyafanya yote hayo kwa sababu ya uongo ambao mimi niliusema nikikoroga mboga.

Nilimtuma mume wangu amwombe arudi, bila kumwambia kwa nini. Akarudi na jibu: "Baba anauliza, mkwe wake akienda kuchukua nyuzi atapita wapi?" Tena hata angekubali, pale barazani sasa amekaa fundi saa, na meza yake imejaza pembe yote.

Sare za shule nazishona mimi siku hizi. Kaptura zangu hazipindi nyuma. Kila nikizungusha mkono wa cherehani nakumbuka nani ameilipia, na furaha yote niliyoingojea inanitoka.

Basi enyi mnaotaka kukopa, kabla hamjaenda kuomba kitu kikubwa, nendeni mkaulize mnasemwaje pale mnapochukua vidogo. Msidhani mji wa mbali haujui habari zenu. Deni lako likikushinda, lipeleke mwenyewe mbele ya anayekudai na umwambie limekushinda. Usitafute mtu mzuri wa kuliweka mgongoni kwake, kwa maana mtu mzuri atalibeba kweli, na kumtua hutaweza.

Mimi siwezi kumtua kwa mdomo. Mila hainiruhusu kusimama mbele yake hata niombe radhi, na kumtuma mume wangu nimeona haya. Lakini gazeti hili linafika Mbalizi, na nasikia fundi mmoja pale huwasomea wenzake kwa sauti wanapongoja wateja. Wakikusomea, baba, au ukiwasomea wewe, utanijua hata bila jina. Njia haikuwa imefungwa. Ningeweza kulipa siku yoyote, na wewe umekaa palepale.