Fiifi Ajiandaa Kumbeba Ekow

Tangu Ekow afariki, mdogo wake Fiifi alikuwa akinyanyua kila jioni vyuma vya marehemu: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Maiti ilikuwa bado mochwari pale Cape Coast. Mazishi yalipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Fiifi alikuwa ameapa kumbeba kaka yake begani.

Mama yao, Esi Arhin, alimtazama huku akimenya karanga.

"Wee Fiifi, kila siku mikono tu! Kaka yako hakufanya hivyo. Leo mikono, kesho miguu, keshokutwa mgongo, kisha anapumzika. Alisema mwili ukizoea, unalala."

"Mama, siku hizi umekuwa kocha?"

"Chuchumaa na hivyo vyuma, mvivu we! Jeneza linabebwa na miguu."

Fiifi alicheka, kisha akalia. Mama aligeuza uso, akamwomba Mungu nguvu za kumzika mwanawe.

Jumamosi hiyo, kutoka kanisani hadi makaburini, bega la Fiifi halikutetereka. Mama alimsifu Mungu kwa sauti, mpaka jeneza lilipoanza kushushwa. Hapo akamshika Fiifi mkono.

"Mtoe, mwanangu," alisema. "Wewe una nguvu. Mtoe turudi naye nyumbani."