Nta Iliyotaka Kusubiriwa

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi Likoni, na wivu wangu wa kwanza katika ndoa haukuwa wa mwanamke mwenzangu. Ulikuwa wa gari.

Niliolewa kutoka Kisauni, miaka michache kabla ya uhuru, nikavushwa hadi nyumba ya wakwe zangu. Ilikuwa nyumba ya makuti iliyojaa watu kama siku ya karamu: mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, mawifi ambao hawajaolewa, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na mkewe na watoto wao. Ukuta kati ya chumba chetu na cha mavyaa haukufika juu. Ukipiga chafya huku, waombewa rehema kule.

Ndoa yenyewe ilipangwa na wazee, kama zilivyokuwa ndoa nyingi za wakati wetu. Nilipoingia nyumba ile sikuwa namjua mume wangu. Nilimwona mtu mrefu, mpole, mwenye haya, anayeondoka alfajiri kwenda kungoja abiria kule feri na kurudi magharibi akinuka petroli. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi kama salamu za njiani.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Alhamdulillahi."

Kisha tulinyamaza, kwa sababu kila neno lilikuwa na masikio zaidi ya yale yaliyokusudiwa. Nikadhani nimeolewa na mtu asiye na maneno.

Lakini gari lake alilijali. Lilikuwa jeusi, mgongo wake wa mviringo kama kobe, na alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Kwa gari la pwani rangi nyeusi ni mateso. Jua hulipauza, vumbi huonekana kwa mbali, na hewa ya chumvi hulifanya liwe na ukungu kama jicho la mzee. Mume wangu hakukubali lipauke. Kila Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, alilirudisha nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, akaliosha kwa maji matamu ya kisima, akalikausha, kisha akatoa mkebe wake wa nta.

Mkebe ule ndio uliokuwa chanzo cha maneno. Aliununua ng'ambo ya feri, kisiwani, katika duka la vipuri, na bei yake ilimfanya mavyaa ashike kichwa. Siku moja alimsimamisha mwanawe uani, mimi nikiwa jikoni nasikia.

"Hebu niambie, hiyo nta yatengenezwa na nini hata iwe ghali kuliko samli?"

"Mwenye duka asema yatoka kwenye majani ya mti wa ughaibuni, Mama. Mti wa jamii ya mnazi."

"Mnazi!" Mavyaa alicheka kicheko cha hasira. "Watu wa Likoni twalala chini ya minazi, twaezekea minazi, twala minazi, na wewe wavuka maji kwenda kununua nta ya mnazi wa watu!"

"Si mnazi kama wetu, Mama."

"Kwani wetu una kasoro gani?"

Mume wangu alichukua mkebe wake, akaenda nao nyuma ya nyumba. Alikuwa na adabu ya kunyamaza mbele ya mamake, na ukaidi wa kuendelea na lake.

Ijumaa moja nilimpelekea chai ya tangawizi huko nyuma ya nyumba. Nilikuta ameshapaka nta upande mzima wa gari, na badala ya kuendelea alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono imelala magotini, akiliangalia.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza.

"Sijaacha. Nangoja ikauke. Ukiisugua mapema yavurugika. Yataka iwe nyeupe kwanza, kama unga."

"Yachukua muda gani?"

"Yategemea upepo." Akasogea, akanionyesha kipande cha jamvi. "Kaa."

Nikakaa. Hapo nyuma hapakuwa na mtu. Watoto walikuwa wamelala, mawifi wakisukana nywele upande wa mbele, na upepo wa baharini ulivuma kutoka kwetu kwenda shambani, ukichukua sauti. Akaanza kunihadithia, taratibu, habari ya abiria aliyempakia asubuhi ile, mzee kutoka Kwale aliyekuja kumtazama mwanawe bandarini, akafika na kuku wawili na kukataa katakata kuwaweka kuku wake kwenye buti ya gari, akisema nao wamelipiwa. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa leso. Naye akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia ndege asiyemjua.

Nta ilipokuwa nyeupe alinipa nusu ya kitambaa. Ilikuwa leso kuukuu, laini kama ngozi ya mtoto. Akanionyesha namna ya kusugua, duara ndogo ndogo, bila kukandamiza. Weusi ukatoka chini ya ule unga kama maji ya kisima unapofunua kifuniko. Nikaiona sura yangu mlangoni, na sura yake nyuma ya yangu.

Toka siku ile Ijumaa ikawa yetu. Tulipaka, tukangoja, tukasugua, kisha tukapaka tena, kwa kuwa nta ile ilitaka kupakwa mara mbili. Katika kungoja huko ndiko nilikojua kwamba babake alifariki akiwa mdogo, na kwamba aliogopa maji ingawa alivuka kila siku. Nami nikamwambia niliyokuwa sijamwambia mtu: kwamba nililia siku tatu za fungate si kwa sababu ya Kisauni, bali kwa sababu mamangu hakulia. Aliniuliza kama hata sasa nalia. Nikamwambia la.

Sasa shemeji yangu alifanya kazi Changamwe, kwenye maghala ya mafuta, na huko madereva wa malori walikuwa na nta yao. Ilikuwa ya maji maji, rangi ya maziwa, bei yake ndogo, na haikutaka kungojwa. Wapaka, wafuta, waondoka. Jioni moja aliileta nyumbani, akaiweka mbele ya mamake kama mtu aliyeleta samaki mkubwa.

"Malori yenyewe yang'aa, Mama, na yalala nje jua na mvua. Huyu ndugu yangu yuwatupa pesa baharini."

Mavyaa akakata shauri. "Zitajaribiwa. Upande huu hii, upande ule hiyo. Mvua zaja. Tutaona."

Mume wangu alikuwa muungwana, alikubali. Boneti la gari likagawanywa katikati kwa uzi, upande wa kulia nta ghali, upande wa kushoto nta ya Changamwe, na nyumba nzima ikatoka kushuhudia. Shemeji alimaliza upande wake kabla mume wangu hajafungua mkebe vizuri, akasimama amejishika kiuno. Pande zote mbili zilipokwisha, wallahi, hata mimi sikuona tofauti. Zote ziling'aa. Mavyaa alizunguka gari, akainama, akajitazama upande mmoja, akajitazama upande wa pili, akarekebisha mtandio wake.

"Mbona mimi ni yule yule?" akasema.

Masika yakaja. Asubuhi tulikuwa tukitoka kutazama matone. Mwanzo yalisimama juu ya boneti pande zote mbili kama shanga zilizomwagika. Kisha, mvua zikizidi, upande wa shemeji shanga zilianza kulala, zikawa madimbwi, na maji yakatanda juu ya rangi. Upande wa kulia zilisimama bado. Mume wangu alifurahi, lakini shemeji hakushindwa. Akapaka tena, kwa dakika chache tu, na shanga zikasimama.

"Waona?" akasema. "Yako yadumu zaidi, nakubali. Lakini yangu hata nikiipaka mara tatu, bado ni rahisi."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu pale uani alijua ni kweli. Mavyaa akamgeukia mume wangu. "Basi mwanangu, nunua hii. Huna hoja tena."

Mume wangu aliangalia chini. Kisha akaniangalia mimi, kidogo tu, na nikajua tunawaza jambo moja. Nta ya Changamwe haikutaka kungojwa. Wapaka, wafuta, waondoka. Mimi nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile, na bi harusi hasemi neno mahali wakwe wanapohukumu. Lakini nilijisikia nasema:

"Mama, ile ya bei kubwa ni bora."

Wote wakageuka. Mavyaa akanikazia macho.

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilisema lililonijia: "Hii nyingine yakauka haraka mno."

Shemeji akaangua kicheko. "Shemeji, hiyo ndiyo sifa yake!"

Mawifi nao wakacheka. Mavyaa hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe aliyekuwa amejikunja kwa haya, akaitazama ile njia ya kwenda nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamke aliyeolewa ujanani katika nyumba iliyojaa kama ile, labda kuliko ile. Sijui aliona nini. Nakumbuka alijifunga leso upya, polepole, kisha akasema kwa sauti ya kumaliza kesi:

"Wacheni wapake hiyo yao. Na Ijumaa baada ya chakula sitaki mtoto yeyote nyuma ya nyumba. Vumbi litaharibu nta."

Hakuisema tena habari ya bei.

Gari likang'aa. Abiria waliokuwa wakienda harusini walilingoja hata kama teksi nyingine zilikuwa mbele, na madereva wenzake wakamtania kwamba yuwaendesha kioo. Lakini pale Likoni magari hushuka kwa mteremko kuingia feri, na maji yakijaa bahari huja mpaka magurudumuni. Kila siku gari lilikanyaga maji ya chumvi, likapanda, likashuka, likakanyaga tena. Yote hayo yalikuwa chini, na hakuna mtu aliyepiga magoti kutazama chini ya gari linalong'aa juu.

Siku moja alimpakia bibi mmoja wa heshima, mnene, aliyevaa buibui jipya, akienda harusini kisiwani. Wakiteremka kuingia feri gari likatikisika, na sauti ikatoka nyuma.

"Mwanangu! Gari lako lanila mguu!"

Sakafu ilikuwa imekatika. Mguu wa yule bibi ulikuwa umepita hadi kifundoni, na kiatu chake kilikuwa kimekwenda na bahari. Hakuumia, namshukuru Mungu. Mume wangu alimwomba radhi mpaka sauti ikamkauka, akamnunulia viatu vingine kisiwani kabla hajamfikisha. Fundi alipoliinua gari alipitisha bisibisi kwenye chuma cha chini kama anayetoboa mkate. Kutu ilikuwa imekula kila kitu.

Alinihadithia nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ile mbuzi. Alitaka kucheka alipofika kwenye kiatu, akashindwa.

"Nta yote ile," akasema. "Nilikuwa napaka mahali pasipouma."

Nilimshika mkono, mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nje ya chumba, tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Wanangu, ambao sasa wana magari yao, huniuliza kama kweli nta za bei kubwa zina faida. Huwaambia ninayoyajua. Hung'arisha sawa na za bei ndogo. Hudumu zaidi kidogo. Haziponyi gari linalooza chini. Osheni chini kwa maji matamu kwanza. Hayo ndiyo yaliyotokea, na anayetaka kuweka akiba anunue rahisi. Lakini Ijumaa zangu mimi zilinunuliwa kwa bei halali, na singetaka kurudishiwa hata senti.

Gari lilinunuliwa na watu wa vyuma chakavu. Siku walipokuja kulivuta, mume wangu hakutoka chumbani. Aliyesimama mlangoni kulisindikiza kwa macho alikuwa mavyaa. Lilipopotea kwenye kona alisema, "Lilikuwa zuri, kwa kweli," akaingia kukuna nazi.

Shemeji ndiye aliyemtafutia mume wangu kazi Changamwe, ya kuendesha lori la mafuta. Hakumkumbusha hata mara moja habari ya nta, na kwa hilo nilimpenda toka siku ile. Tukapewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, chumba cha matofali chenye kuta zinazofika juu na mlango wa kitasa. Nje malori yalinguruma mchana kutwa, na harufu ya mafuta iliingia hata kwenye wali. Majirani zetu walitoka bara na pwani, kila mmoja na lugha yake, na mwaka ule watu wote walizungumza uhuru, uhuru, utafikiri ni jamaa wa kila nyumba anayengojwa kwa treni.

Mavyaa alikuja kututazama bendera ilipokwisha kubadilishwa. Alikataa kiti, akakaa mkekani, akakitazama chumba: kitanda, jiko, pazia nililoshona mwenyewe. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akatazama juu, pale ukuta ulipokutana na dari.

"Hapa," akasema, "mwaweza kugombana na mtu asisikie."

"Twagombana, Mama," mume wangu akajibu kutoka mlangoni.

Mavyaa akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli, Mama. Jana tuligombana mpaka chai ikapoa."

"Alhamdulillahi," akasema mavyaa wangu, akanyoosha miguu. "Basi leteni hiyo chai."