Kaburi Nisilolichimba

Siku ile haijawahi kunitoka, mwanangu, na leo nakusimulia wewe kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kuona haya. Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Chatsworth, Durban, kwenye kiwanja cha kriketi. Nilikuwa nimeshika gongo la kupigia mpira, jicho moja kwenye mpira na jingine kwenye saa. Saa kumi alasiri Mama Bahati angeondoka Isipingo, mtaa wa jirani, kwenda Kongo kutafuta kaburi la mwanawe. Kaburi hilo halikuwepo. Mimi ndiye niliyelitunga.

Usishangae mchungaji kucheza kriketi. Nilipofika Durban nikikimbia vita, nilipata kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja la Mobeni, na wenzangu Wahindi wakanivuta katika timu yao. Wakongomani wenzangu walinicheka, wakauliza ni mchezo gani huu watu wanasimama kunywa chai katikati. Lakini nilikuwa na miaka thelathini, nilipenda kupigiwa makofi, na ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Kabla ya hapo nilikuwa mchungaji wa jeshi. Mchungaji wa jeshi habebi bunduki. Kazi yake ni kusali, kuwaandikia barua wasiojua kuandika, na kukaa na anayekufa hadi mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi hasa. Siku kambi yetu iliposhambuliwa, Bahati alipigwa risasi ya tumbo, na kamanda akaniagiza nikae naye hadi wabeba machela warudi. Mabomu yakawa yanasogea. Bahati alikuwa ameshika mkanda wangu, akimwita mama yake. Nilivibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikakimbia. Wabeba machela hawakurudi. Baadaye tulisikia kwamba maiti zote zilitupwa katika shimo moja, na hakuna ajuaye lilipo.

Miaka miwili ikapita. Katika kanisa la Isipingo, mama mmoja muuza vitenge akanishika mkono, akaniuliza kama nilimjua mwanawe Bahati. Nilimwambia alikufa kwa amani, akisali, na kwamba nilimzika kwa mikono yangu kando ya ukuta wa kanisa la kambi. Alinibusu viganja. Nikajiona nimetenda wema!

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilifika mwisho Mama Bahati aliposema ameota mwanawe anasikia baridi, hivyo lazima aende akailete mifupa yake. Mahali penye ile kambi palikuwa mikononi mwa watu wenye silaha, watu wasiomuuliza mpita njia swali la pili. Nilimsihi asiende. Nilimtajia barabara mbovu, homa, umri wake. Kila neno nilimwambia isipokuwa lile moja.

Basi siku hiyo uwanjani mpira ukaja, ukakwaruza ukingo wa gongo langu, ukadakwa nyuma yangu. Kwa sheria ya kriketi hapo umetoka. Ila mwamuzi hakusikia, akatikisa kichwa. Mimi nilisikia, na mkono wangu ulihisi. Nikabaki nimesimama, najifanya natengeneza glavu. Wazee wa mchezo ule wana desturi yao: anayejua kwamba mpira umegusa gongo lake huondoka mwenyewe, hangoji mwamuzi. Uncle Sunny, mzee wa Kihindi aliyenifundisha kushika gongo, akaingia uwanjani na mkongojo wake hadi mchezo ukasimama.

"Uligusa gongo?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Mwamuzi amesema hapana, Uncle."

"Eish, mwamuzi sikumuuliza. Wewe si mtu wa Mungu? Unangoja nani akukamate?"

Mzee yule hakujua amegusa kidonda gani. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini. Nikaweka gongo chini, nikatoka mbio, pedi za mchezo zikiwa bado miguuni, watu wakinizomea. Taxi niliyoidandia ilinaswa na robot, zile taa za barabarani, moja baada ya nyingine, zote nyekundu. Moyo wangu ulitaka nifike, na moyo huo huo ulitaka nimkose. Ndiyo, nilitamani nimkute ameshaondoka. Nakwambia hivyo usije ukadhani niligeuka shujaa ghafla.

Nilimkuta mlangoni, gari la kumchukua likinguruma nje.

"Pasta, umekuja kuniombea?" akatabasamu. "Fanya mbio, dereva iko ananingoja."

"Mama, usiende. Kaburi haiko."

"Unasema nini?"

Nikamweleza yote, hadi vile vidole. Dereva akapiga honi. Mama Bahati alinisikiliza amesimama, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mutoto wangu aliita nani?"

"Alikuita weye, mama."

Kofi lake lilinirusha hadi kwenye fremu ya mlango. Akatoka akamwambia dereva aende zake. Aliporudi alifungua sanduku, akatoa shuka nyeupe aliyoinunua kwa ajili ya mifupa, akaitandika sakafuni.

"Ikala chini," akasema. "Matanga inaanza leo. Utalia na miye."

Tulilia siku tatu. Yeye alimlilia mwanawe, na mimi, baada ya miaka yote ile, nilikaa na Bahati. Tangu siku hiyo Mama Bahati hajaniita tena Pasta. Ananiita kwa jina langu tupu, kama mtu yeyote. Lakini akiugua, mimi ndiye anayeagiza aitiwe.

Mwanangu, usimfariji mtu kwa uongo. Nilisema namwonea huruma mama yule, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yangu yalikaribia kumuua mtu mwingine. Ukikosa, nenda kwa miguu yako kwa yule uliyemkosea, umwambie uso kwa uso, wala usijifiche nyuma ya ujumbe wa simu kama mlivyozoea siku hizi. Huenda ukapoteza heshima, na huenda hutasamehewa kwa namna unayoitaka. Nenda hata hivyo, angali hajapanda gari.

Mungu akupe ulimi unaotangulia kusema kweli kabla ya kubanwa. Akupe mzee wa kukukemea mbele za watu, na siku utakapoanguka, akukutanishe na mtu atakayekupiga kofi kisha akutandikie pa kukaa. Nenda salama, mwanangu.