Karai la Ndengu

Habari ya kifo chake ilinipata Emali, nikiwa nimesimama mbele ya mzani wa vitunguu, na aliyenipigia simu hakuzungusha maneno. "Mzee, ule mwalimu wa wadogo ametuacha. Ni presha." Nilimaliza kununua vitunguu. Nawaambieni haya, wasomaji wangu, kwa sababu nimechoka kusoma kumbukumbu ambamo mwandishi huangua kilio papo hapo. Mimi sikulia. Nilirudi Migwani nikiwa na kitu kimoja tu kichwani: karai la bati lililojaa ndengu, na jinsi nilivyoamuru liondolewe.

Alifundisha chekechea katika shule yetu ndogo, ambako mimi nilikuwa mwenyekiti wa wazazi, na bado ni mimi. Darasa lilifurika, na watoto wa umri ule hawatulii. Waliomtangulia walitumia fimbo na amri ya kukunja mikono. Yeye alitafuta karai. Aliomba kila mtoto alete kikombe cha ndengu, akazimwaga zote humo, akafukia ndani yake vifuniko vya soda, kokwa za maembe na vipande vya kamba ya katani. Watoto walitumbukiza mikono hadi kwenye viwiko, wakapapasa bila kutazama, na kusema kabla ya kutoa: hiki ni laini, hiki kina meno. Wakitoka hapo walikaa chini wakaandika. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mjukuu wangu, ninayemlea mwenyewe. Msichana yule alikuwa moto wa kuotea mbali. Shule ya kwanza, huko Kibwezi kwa mama yake, ilikuwa imemrudisha nyumbani ikisema hafundishiki. Ikiwa angeshindwa na hapa pia, sikuwa na pengine pa kumpeleka.

Msimu ule mvua ilikataa. Akina mama waliotoa vile vikombe walidhani ndengu zinaenda sufuriani. Siku moja mzazi alikuja kumchukua mtoto mapema, akachungulia dirishani, na kesho yake tukawa na mkutano. "Aiya! Sisi tunalala na chai ya strungi, hata maziwa hakuna," alisema, "na mwalimu amemwaga chakula kwa karai watoto wachezee kama mchanga?" Ukambani hakuna anayehitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Tumelelewa tukiokota ndengu moja moja uwanjani baada ya kupura, na mama akitukagulia nyuma.

Mwalimu alisimama polepole. "Mwenyekiti, sijapoteza hata moja. Jioni nazipepeta, nazifungia. Hawa watoto mikono yao haiwezi tulia kama haina kazi. Wewe unajua, uko na mmoja hapa." Watu wote walinigeukia. Ukweli ni kwamba nilijua. Mjukuu wangu alikuwa ameanza kulala usiku bila kupiga mateke, na kuniambia alichokipapasa siku hiyo. Lakini nilikuwa mbele ya watu wenye njaa, na nilipenda cheo changu. "Mwalimu," nikasema, "hapa hatuchezei chakula. Rudishia kila mtu kikombe chake." Walinipigia makofi. Alipima kikombe baada ya kikombe bila kuinua uso.

Hakugombana na mtu. Wiki iliyofuata alionekana kwenye mto mkavu akipanda na gunia la mchanga mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni. Aliuchunga kwa chekecheke, akauanika, akaujaza kwenye karai lile lile. Ikawa ndiyo kazi yake kila muhula, maana watoto walirudi nyumbani na mchanga mifukoni, na paka wa shule waliugeuza choo. Mjukuu wangu alijifunza herufi kwa kidole ndani ya mchanga huo. Leo yuko darasa la nne, bado anatikisa mguu chini ya meza, lakini ndiye anayenisomea gazeti macho yangu yakichoka. Niliazimia kumwambia mwalimu kuwa nilimkosea. Tulikutana siku nyingi za soko. "Mwenyekiti, mvua iko?" "Bado, mwalimu." Tukapitana.

Mazishini nilitoa hotuba ambayo watu waliisifu. Kesho yake nilipita darasani kwake. Kuna kabati la vichezeo vya plastiki, limefungwa kwa kufuli visije vikavunjwa, na watoto walikuwa wamekaa wakiwa wamekunja mikono. Karai lilikuwa limefudikizwa karibu na mlango. Mwalimu mpya, binti mpole, aliniuliza, "Mwenyekiti, hii karai tupeleke jikoni ama?" Nikamwambia aliache hapo hapo. Nilikwenda nyumbani, nikachukua gunia, nikateremka mtoni. Nilienda mara tatu, nikipumzika kila kona, mgongo ukinisuta njia nzima. Jioni mjukuu wangu alinikuta mlangoni pa darasa nikiuchungia mchanga ndani ya karai. "Babu, hiyo mchanga ni ya nani?" "Ni ya mwalimu wako," nikamjibu. Alichuchumaa, akazamisha mikono yote miwili, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza. Hapo ndipo nilipolia.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekipata kwa kuchelewa. Kumwomba msamaha aliye hai ni neno moja la njiani siku ya soko. Kumwomba aliyekufa ni magunia matatu ya mchanga, na ukishayatua hakuna wa kukuambia yametosha.