Mwaka mzima nachora Lucky Summer, majirani wanajua mimi ni mganga

Wakuu, niaje. Salamu hata kwa nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kukomenti.

Hii ni story yangu mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Nikiongeza chumvi, brashi zangu zote zikauke na rangi ikiwa ndani.

Mimi ni mchoraji. Kwa miaka nimechora mabango: kinyozi, bucha, hoteli. Ukipita Baba Dogo uone samaki anayetabasamu ukutani, huo ni mkono wangu.

Mwaka jana nikasema basi, sasa nachora vitu vyangu. Nikaacha mabango yote, nikapata chumba cha studio nyuma ya ploti moja hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi. Kabla yangu walikaa kuku humo.

Niliosha, nikapiga chokaa, lakini manyoya hayakuisha. Unafungua kopo la bluu, unyoya huu hapa.

Niwaambie ukweli kuhusu studio. Kazi kubwa ni kukaa. Unaangalia kanvasi, kanvasi inakuangalia. Miezi ya kwanza nilichora mawingu, yakafanana na ugali.

Baadaye nikaingia kwa rangi nyekundu. Kila kitu chekundu. Nikawa naenda Kariokor kwa mafundi wa viatu, wananipa mabaki ya ngozi, nayabandika kwa picha. Vitambaa vya kufutia brashi nafua, naanika kwa kamba. Pazia nafunga, maana jua la mchana linanidanganya rangi.

Sasa hebu fikiria wewe ndiye jirani. Ngozi zinaingia. Vitambaa vyekundu vinatoka. Manyoya mlangoni. Harufu ya tapentaini. Na ndani kuna mwanaume amekaa peke yake, haongei.

Mimi sina habari. Niliona watu wananisalimia kwa adabu sana, nikajua ni heshima ya sanaa.

Siku moja mchana akabisha jamaa wa makamo. Akavua viatu mlangoni, akaingia ameinama.

"Mkuu, nimeambiwa wewe unaona mbali."

Wakuu, nilifurahi! Hatimaye mtu anayeelewa msanii. "Hiyo ndiyo kazi yangu," nikamjibu.

"Ni mke wangu. Ameenda kwao Busia na hataki kurudi."

Nikajua anataka picha ya kumbukumbu. Akanionyesha sura ya mama huyo kwa simu.

"Hakuna shida," nikamwambia. "Mimi huanza na macho. Nikishamtoa macho vizuri, mwili unafuata wenyewe."

Jamaa akasimama. Akaniangalia, akaangalia vile vitambaa.

"Mimi nilitaka tu arudi," akasema kwa sauti ndogo. Akatoka mbio na kiatu kimoja mkononi. Cha pili alikiacha.

Jioni hiyo ukaja ujumbe mzima wa watu mlangoni. Mbele alikuwa Mzee Wafula, caretaker wetu wa ploti, mstaafu wa reli, na Biblia kwapani. Kando yake Bi Rukia, mama wa Malindi anayeuza mahamri hapo getini, na tasbihi mkononi. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya nani afagie ngazi. Siku hiyo walikuja bega kwa bega. Nyuma yao, yule jamaa wa kiatu.

"Kijana," Mzee Wafula akasema, "hapa watu wanalea watoto. Kesho asubuhi ubebe vitu vyako uende."

Niende wapi na kanvasi zote hizo? Nikafungua pazia, nikawasha taa. "Mimi nachora tu. Ingieni muone!"

Hakuna aliyesogea. Bi Rukia peke yake ndiye aliyeingia, anasoma dua chini chini. Akasimama mbele ya picha yangu kubwa, ile niliyoisumbukia kuliko zote.

"Shikamoo, Bi Rukia," nikasema, maana sikuwa na lingine.

"Marahaba. Hii ni nini?"

"Ni upweke wa mji."

Akaiangalia tena. "Mwanangu, mimi naona nyanya zimemwagika."

"Hata mimi," Mzee Wafula akasema kutoka nje.

Kisha mama akaketi kwenye stuli yangu, akatengeneza leso. "Haya. Kama kweli wewe mchoraji, nichore. Nikiumwa hata na kichwa, unahama."

Akawa anakuja kila akimaliza kuuza mahamri. Anakaa, anaongea, mimi nachora. Mzee Wafula alileta kiti chake mlangoni kulinda usalama. Kufikia siku ya tatu ameshakuwa mwalimu: "Sikio hilo umeliweka chini, kijana." Na kweli, lilikuwa chini.

Siku niliyomaliza, Bi Rukia aliangalia picha muda mrefu.

"Huyu si mimi," akasema.

Nikaanza kuhesabu makopo ya kubeba.

"Huyu ni mama yangu. Hatukubaki na picha yake hata moja."

Mzee Wafula akavua kofia.

Bi Rukia akajipangusa macho kwa leso. "Lakini pua ipunguze."

"Bi Rukia, nikipunguza pua, mama anaondoka."

Akacheka huku machozi yanatoka. Akaibeba mwenyewe, hakutaka msaada.

Nilichojifunza, wakuu: nilijifungia karibu mwaka nikitafuta kitu cha kuchora, na watu wenye sura wako nje ya pazia wananiogopa. Siku hizi mlango uko wazi. Bado wananiita Daktari kwa ajili ya uganga ule, lakini wanaingia wakiwa wamevaa viatu.

Wale mnaofanya kazi za mikono ndani ya ploti, nyinyi majirani wanawadhania nini? Mwageni hapa, nami nacheka.