Bia kwenye Mashine Namba Tisa

Injinia Nicolasa Calizaya alikuwa amechoka tangu mwaka ambao hata yeye hakuukumbuka. Kwa miaka ishirini na mitatu alisimamia maabara ya asembli katika chuo kikuu kimoja cha mji wa Oruro. Asembli ni lugha ya kuiamuru kompyuta hatua moja moja, kama unavyomfundisha mtoto kuvaa viatu: chukua namba hii, iweke kule, jumlisha, ruka. Wanafunzi waliichukia. Yeye naye, tuseme kweli, hakuipenda tena. Alifundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, na kila muhula ulipokaribia kwisha hakujua kama angeitwa tena.

Chuo kizima kilimjua kwa kanuni zake, kumi na moja, zilizobandikwa mlangoni. Hakuna chakula wala kinywaji. Programu huandikwa humu humu na kubaki kwenye mashine ya mwanafunzi, kwa sababu ikienda nyumbani hurudi imeandikwa na binamu. Ikipotea, shauri lako, ni sifuri. Mwalimu hagusi kibodi ya mwanafunzi wala hamwonyeshi kosa. Anayetaka kuongezewa muda lazima mwalimu amwandikie mkurugenzi barua yenye sababu ya kweli. Mwaka uliopita alikataa kumwandikia barua hiyo mpwa wa mkurugenzi mwenyewe, na hakuna aliyelisahau hilo, hasa mkurugenzi.

Basi ikafika Ijumaa ya kabla ya kanivali, siku ambayo Oruro nzima huinywesha mali yake. Maduka, magari, ofisi, kila kitu humwagiwa chochote ili Pachamama, Mama Ardhi, asinune. Don Severo, mtunza maabara, akaingia na tepe za karatasi shingoni, chengachenga za karatasi za rangi mfukoni na chupa ya bia mkononi.

"Injinia, mashine hizi nazo zina kiu."

"Soma mlangoni, Severo."

"Mimi nimesoma. Pachamama ndiye hajui kusoma. Mwaka juzi tulizinyima, zikafa tatu, au umesahau?"

Wanafunzi wakacheka. Nicolasa alikuwa na mitihani arobaini mezani na mgongo unamuuma. Hakuwa na nguvu za kubishana na mtu mwenye tepe shingoni.

"Tone moja. Sakafuni."

"Sawa, lakini anayemwaga ni mkuu wa maabara. Na usimwage kichoyo, mama, hayo ni matusi."

Nicolasa akaishika glasi aliyomiminiwa na Severo, akamwaga kidogo pembeni, kisha kwa kuona aibu ya uchoyo akaongeza. Povu likarukia juu ya mashine namba tisa na kuingia kwenye matundu yake. Severo akaizungushia tepe, watu wakapiga makofi, wakaenda zao kwenye ngoma.

Alhamisi iliyofuata, kanivali ikiwa imekwisha, walirudi na vichwa vizito. Mashine namba tisa ilikuwa ya Maribel Huarachi, msichana mkimya aliyekuwa akilichukua somo hilo kwa mara ya tatu. Anayeshindwa mara tatu hufutwa chuoni, na programu yake ya mwisho ilipaswa kukaguliwa asubuhi hiyo. Aliiwasha mashine. Ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Injinia, haiwaki."

"Ikipotea, shauri lako," Nicolasa akajibu bila kuinua macho, kwa mazoea tu.

Maribel hakulia. Alibaki ameketi mbele ya kioo cheusi kana kwamba kitamwonea haya. Severo akaifungua mashine, na harufu ya bia ikamfikia kila aliyekuwa karibu. Chengachenga nyekundu zilikuwa zimegandia ndani. Akaichomoa diski, akaijaribu kwenye mashine nyingine. Imekufa. Akamvuta Nicolasa kando.

"Nitasema ni radi. Kwa mvua hizi, nani atabisha?"

"Na huyu binti?"

"Binti atapata sifuri ya kanuni, si ya mkono wako. Fikiria mkataba wako, mama. Umebakiza miaka mitatu ustaafu."

Nicolasa alifikiri, tena kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia. Aliitamani ile radi. Mwishowe akapiga moyo konde, akamwandikia mkurugenzi barua ya mistari mitatu: ni bia, niliimwaga mimi, mwanafunzi hana kosa.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili.

"Nicolasa, hata mimi nimeimwagia mashine ya kutoa kopi."

"Ikafa?"

"Haikufa."

"Basi wewe huna barua ya kuandika."

Mkurugenzi akasaini. Maribel akapewa mpaka Jumamosi adhuhuri. Kisha, akizirudisha karatasi mahali pake, mkurugenzi akasema, "Mkataba wako unaisha Machi. Unajua."

"Najua."

Jumamosi Nicolasa aliketi kando ya Maribel, na kabla binti hajaiendesha programu aliyoiandika upya kwenye mashine nyingine, aliliona kosa. Maribel alikuwa ameweka namba kwenye rundo, yaani akiba ya muda ambako mashine pia huhifadhi mahali pa kurudi, mwanzoni mwa kazi na hakuitoa mwishoni, kwa hiyo mashine isingejua irudi wapi. Kosa lile lile la wanafunzi wa miaka ishirini na mitatu. Angeweza kusema neno moja. Angeweza kunyoosha kidole, na nani angemwadhibu sasa? Akaikalia mikono yake.

Programu ikaganda. Maribel akamgeukia mwalimu.

"Nina dakika ngapi?"

"Arobaini."

Akaanza juu, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza bila sauti. Nicolasa, ambaye hakuwa mtu wa kanisani, alijikuta anasali. Dakika ya thelathini na moja kidole kikasimama.

"Nimeiweka, sijaitoa," Maribel akasema polepole. Akaongeza mstari mmoja, na programu ikaenda hadi mwisho. Nicolasa akamhoji kila mstari kama kawaida yake, bila kuruka hata mmoja, na kila mstari ukajibiwa.

"Sitini na mbili," akasema. Kufaulu ni hamsini na moja.

Maribel akajifunika uso kwa viganja. Alipoufunua, ulikuwa umelowa na una hasira.

"Uliliona kosa tangu mwanzo, Injinia. Nilikuona. Hukunionea huruma hata kidogo!"

"Huruma yangu yote niliimalizia kwenye barua, Alhamisi."

"Barua gani?"

Binti alikuwa ameambiwa tu kwamba ameongezewa siku mbili kwa kuwa mashine iliharibika. Nicolasa akamwambia aende akale, maana hakuwa na nguvu za kumweleza.