Mjazaji Aliyepanda Jukwaani

Kule Juana Díaz, kusini mwa Puerto Rico, hakuna asiyemjua Efraín Quiñones. Bingwa wa vigari vya rimoti, kikombe juu ya kikombe, picha yake imebandikwa mpaka kwa kinyozi. Sasa waulize hao hao ni nani aliyekuwa akimjazia mafuta. Watakuna vichwa, halafu mmoja atasema, "Ah, si yule dada yake?" Yule dada yake, eti. Ana jina huyo. Anaitwa Zoraida, na habari hii ni yake.

Na tuelewane mapema, vigari hivi si vya watoto. Urefu wake ni kama mkono, lakini ndani mna injini ya kweli inayokunywa mafuta ya kweli, spiriti na nitro na oili pamoja, harufu yake hukufuata mpaka kanisani. Tangi ni dogo, halifiki dakika kumi, na fainali ni nusu saa nzima. Kwa hiyo dereva husimama juu ya jukwaa na rimoti yake, na chini, kando ya barabara, huchuchumaa mjazaji. Kigari kikiingia anakidaka, anafungua kifuniko, anakamulia mafuta kwa chupa, anakirudisha barabarani hujapepesa macho. Mjazaji huwa mtu wako wa karibu, mke au ndugu, kwa sababu ndiye pia anayebadilisha plagi na kujua injini yako leo imeamkaje.

Zoraida alichuchumaa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, mpaka magoti yakaanza kumsema. Joto la injini alilipima kwa mate. Anadondosha tone juu ya kichwa cha injini, likichemka taratibu basi mambo sawa, likiruka papo hapo anafungua sindano ya kabureta kidogo, injini inywe zaidi ipoe. Efraín hata bisibisi hakuwahi kuishika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu bwana alikuwa amesifiwa kupita kiasi.

Mwaka huo, wiki chache kabla ya msimu kuanza, aliingia jikoni kwa dada yake na habari zake. Anahamia vigari vya betri.

"Hakuna moshi, hakuna oili, hakuna kuchuchumaa," alisema. "Umepumzika sasa, dada. Kile cha zamani nitakiuza."

Zoraida alikuwa anakaanga samaki wa chumvi kwenye unga. Hakugeuka.

"Kile cha zamani nilikiunda mimi, skrubu kwa skrubu. Hakiuzwi."

"Sasa utakifanyia nini, ukiweke kabatini na sahani?"

"Nitakiendesha."

Efraín akacheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Haya, na nani atakujazia?"

Jamaa alijua anachosema. Chama chao kina sharti moja ambalo halina huruma. Ukitaka jina lako liingie kwa madereva wa msimu, umalize fainali ya ufunguzi, na honi ya kumaliza ikilia injini yako iwe inanguruma. Ikizima, au tangi likikauka njiani, wewe ni mtazamaji mwaka mzima. Na bila mjazaji hakuna aliyewahi kumaliza.

Zoraida akaenda kutafuta mtu. Wote wakajifanya hamnazo. Kiko, muuza vipuri, ambaye alikula kwa Zoraida kila Krismasi, alijikuna shingo weee.

"Zori, mimi nina mke na nina duka. Efraín ndiye mteja wangu mkubwa."

"Sikukuomba umuache mkeo, Kiko. Nimekuomba ushike chupa."

"Subiri mwakani basi."

"Mwakani nenda wewe," Zoraida akasema, akaondoka zake. Roho ilimuuma, asikudanganye mtu. Njiani alilia kidogo, kwa hasira, kisha akafuta uso akaanza kuwaza kifundi. Kama hakuna wa kujaza, atajaza mwenyewe. Tatizo ni kwamba kigari kitamsubiri pale chini akishuka ngazi, na injini isiyoshikwa hupenda kuzima. Ukiipandisha mzunguko wa chini, ule wa kusimama, isizime, kigari kinaanza kujikokota chenyewe. Akaamua ataupandisha, na akiingia ataelekeza pua ya kigari kwenye kona ya ubao wa pembeni, kisukume ubao mpaka afike.

Jumapili ya fainali, nyuma ya kiwanda cha sukari kilichokufa, alipanda jukwaani na rimoti ikiwa imening'inia shingoni kwa mkanda. Madereva walitazamana. Mmoja akamwambia, "Mama, mjazaji wako hajafika." Akamjibu, "Amefika. Ndiye unayeongea naye."

Mara ya kwanza aliposhuka, uwanja mzima ulicheka. Aliingiza kigari, akakibana konani, akateremka ngazi akishikilia goti, akajaza, akapanda tena. Wenzake walikuwa wameshampita mara mbili. Mara ya pili vicheko vilipungua. Mara ya tatu watu waliokuwa wananunua vinywaji walirudi uzioni na chenji mkononi. Vigari viwili vya mbele vilikuwa vimeshazima injini kwa joto. Cha Zoraida kilikuwa nyuma ya vyote, kikinguruma vizuri.

Alipokiingiza kwa mara ya mwisho, akaona mtu amechuchumaa pale kwenye ubao. Efraín, katoka kwa watazamaji. Mkono mmoja ameshika kigari, mwingine chupa.

"Baki huko huko juu, dada. Najaza mimi."

Zoraida akainama kwenye ukingo wa jukwaa. "Na Jumapili ijayo utanijazia?"

"Huu ndio wakati wa kuniuliza hayo?"

"Ndio huu."

Efraín akatazama uzio, akaona macho ya watu.

"Basi weka chini," Zoraida akasema.

"Utashindwa, we mwanamke. Tangi linakauka."

"Nimesema weka chini. Mikono yako ondoa."

Akaiweka chupa chini. Zoraida akashuka ngazi ile ile, kwa goti lile lile, injini ikianza kukohoa kwa kiu. Akamimina. Hakumtazama kaka mtu hata kwa jicho la pembeni. Akapanda, na honi ilipolia alikuwa wa mwisho kabisa, injini inanguruma. Mwenyekiti, Don Baltasar, akasoma majina ya madereva wa msimu kwenye kipaza sauti, na la Zoraida likasomwa kama mengine. Watu walipiga makofi mpaka mwenyekiti akachoka kuwasubiri.

Baadaye alikuwa kwenye meza yake anamwaga mafuta yaliyobaki, maana ukiyaacha ndani hula beringi. Efraín akaja akasimama.

"Ungeniachia, ungekuwa wa nne."

"Najua."

"Sasa umefaidi nini kuwa wa mwisho?"

"Ningekuwa wa nne, wangesema Efraín kamsaidia dada yake. Leo watasema nini?"

Efraín alimtazama akidondosha oili ndani ya injini na kuizungusha kwa kidole gumba, polepole, kazi aliyofanyiwa miaka yote asiione.

"Jumapili ijayo mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili asubuhi. Ukichelewa, najaza mwenyewe."